Chakula Hakimeng'enywi Tumboni Peke Yake

Nimewasikia watu wengi hapa Kampala, hata waliosoma hadi sekondari, wakisema kwamba matoke na maharagwe yakishamezwa humeng'enywa yote tumboni, na kwamba utumbo ni njia ya kupitishia mabaki tu. Dhana hiyo si sahihi, na nadhani neno lenyewe limechangia, kwa kuwa "tumbo" kwetu ni mfuko wa chakula na pia ni sehemu yote iliyo chini ya kifua.

Kazi huanzia kinywani. Tafuna kipande cha muhogo uliochemshwa kwa dakika moja au mbili bila kukimeza, nawe utaonja utamu ambao haukuwapo mwanzoni, kwa sababu kimeng'enya kilichomo kwenye mate huvunja wanga kuwa sukari. Mfuko wa chakula hukoroga, hutia asidi na kuanza kuvunja protini, lakini hufyonza virutubishi vichache mno.

Sehemu kubwa ya kazi hufanyika katika utumbo mwembamba, wenye urefu wa takribani mita 6 kwa mtu mzima, ambamo nyongo inayotoka kwenye ini hutawanya mafuta, vimeng'enya vya kongosho huvunja wanga, protini na mafuta hayo, na ukuta wake, uliojaa vijitokeo vidogo kama nyuzi za taulo, hufyonza virutubishi. Utumbo mpana hufyonza maji na chumvi. Ndiyo maana mgonjwa aliyeondolewa mfuko wote wa chakula kwa upasuaji huweza kuendelea kuishi, akila kidogo kidogo mara nyingi na kupewa vitamini B12.