Kabla hujaijenga upya 10/22 yako

Wateja wanaoniletea Ruger 10/22, bunduki ya risasi ndogo ya .22 inayojipakia yenyewe, hapa Marekani huja na swali lilelile: niiboreshe kipuri kwa kipuri, au niiweke pembeni nijenge nyingine tangu mwanzo kwa vipuri vya kampuni nyingine? Nami huwauliza: unapiga risasi gani? Hapo wengi hukunja uso, maana walikuja kuzungumza chuma.

Bunduki hii ilitoka mwaka 1964, na imezungukwa na soko kubwa la vipuri kwa sababu ya jinsi ilivyoundwa. Mtutu wake haukufungwa kwa hesi. Umechomekwa tu kwenye risiva, yaani kile kiwiliwili cha aluminiamu kinachobeba bolti (chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuingiza risasi na kuifungia), kisha ukabanwa kwa kabari yenye skrubu mbili. Seti nzima ya triga inashikiliwa na pini mbili. Mwenye funguo za alen na kitu cha kusukumia pini anaifungua yote juu ya meza ya jikoni. Kampuni kama Volquartsen na KIDD zimejipatia riziki humo, na leo unaweza kuwa na 10/22 isiyo na hata kipuri kimoja kilichotoka Ruger.

Turudi kwenye risasi. Hii ya .22 haina kiwashio katikati ya kitako cha ganda. Dawa inayowasha baruti imepakwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Huwezi kuijaza upya nyumbani ukapima baruti mwenyewe. Unachonunua ndicho unachopiga. Zile za bei rahisi za kasi kubwa hutoka kwenye mtutu zikiipita kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 343 kwa sekunde, halafu hushuka chini yake zikiwa njiani, na hapo ndipo zinapoyumba. Za mashindano huanzia chini kidogo, mita 320 au 330, zisiuvuke mpaka huo kabisa. Kisha kuna suala la usawa. Risasi mbili za boksi moja zikitofautiana mita 10 kwa sekunde, kwenye mita 50 tofauti yake ni milimita chache. Kwenye mita 100 ile ya polepole inaangukia karibu sentimita 3 chini ya mwenzake. Hakuna mtutu wa bei yoyote utakaofuta sentimita hizo.

Kwa hiyo kabla sijagusa skrubu, namwambia mtu anunue aina nne tano za risasi, ailaze bunduki kwenye mifuko ya mchanga, apige tano tano mita 50. Akibadilisha aina, za mwanzo asizihesabu: risasi hizi zimepakwa nta au grisi, kila kiwanda na yake, na mtutu unahitaji kupakwa upya kabla haujatulia. Mtutu hauchagui kwa bei. Nimeona wa kiwandani ukikataa boksi la bei ghali na kuikumbatia ya kawaida.

Baada ya hapo, triga. Ya kiwandani huvutwa kwa uzito wa kilo 2 na nusu hivi, na ukivuta hivyo lazima mtutu utikisike. Ruger wenyewe wanauza triga iitwayo BX, ya kilo 1 na robo hivi. Toa pini mbili, weka, rudisha. Kwa fedha iliyotumika, sijui badiliko lingine linalolipa haraka namna hiyo. Kisha mtutu, kama bado unataka zaidi. Hapo uliza chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Chemba ya mashindano imebana mpaka risasi inaigusa mifereji iliyokatwa ndani ya mtutu kuizungusha. Kwa bunduki ya bolti ya mkono, unayoipakia kwa kuvuta bolti mwenyewe, ni raha, lakini kwa inayojipakia yenyewe masizi kidogo tu na imekwama. Chemba iitwayo Bentz ni ya katikati, na kwa 10/22 huwa naishauri hiyo.

Sasa, ni lini kuboresha kunagonga ukuta? Ni kwenye risiva. Mteja anafunga mtutu mnene wa milimita 23, mzito, halafu anakuja kulalamika kuhusu darubini: ameipandisha mpaka kikomo na risasi bado zinapiga chini. Darubini haina kosa. Kabari inauvuta mtutu nyuma na chini, aluminiamu laini inakubali, mdomo wa mtutu unainama. Skrubu zile zikazwe kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule, lakini uzito hauondoki. Isitoshe, risiva ya kawaida inashikwa na skrubu moja tu kwenye kitako cha bunduki, na kwa miaka mingi haikuwa na tundu nyuma, ikabidi mtu asafishe mtutu kwa kuingilia mdomoni, mahali pasipotaka kukwaruzwa. Risiva nyingi za kampuni nyingine zina skrubu ya pili nyuma, tundu la ufito wa kusafishia, na reli ya darubini iliyochongwa pamoja nayo ikiwa imeinamishwa dakika 20 za pembe (theluthi ya digrii), ili darubini ibaki na nafasi ya kupandishwa. Kama hayo ndiyo yanayokuudhi, jenga. Kama sivyo, utanunua upya vitu ulivyo navyo tayari.

Na ukijenga, usiokote vipuri huku na huku kwa sababu vimeshushwa bei. Ukingo wa risasi hii una unene wa milimita 1.1 hivi. Bolti ya huyu, mtutu wa yule, risiva ya wa tatu: kila mmoja yuko ndani ya kipimo chake, ila ukijumlisha, pengo la ukingo huo kati ya bolti na mtutu linaweza kuzidi au kubana. Kazi nyingi za namna hii zinazofika kwangu zina vipuri vizuri visivyoelewana. Chukua risiva, bolti na mtutu kwa mtengenezaji mmoja, mengine chagua upendavyo.

Kisheria, hapa risiva ndiyo bunduki yenyewe. Inanunuliwa kwa muuzaji mwenye leseni, kwa fomu 4473 ya serikali kuu na ukaguzi wa historia yako, na majimbo mengine yanaongeza masharti yao. Kwa mlioko nyumbani Afrika Mashariki haya ni maarifa tu: Kenya kuna sheria ya silaha, Sura ya 114, Tanzania kuna sheria ya silaha ya 2015, na hata ufundi wa silaha unataka leseni.

Wapo wanaotaka kupiga mita 100 kwenye karatasi, taratibu, risasi moja moja. Hao siwajengei 10/22. Nawaambia wanunue CZ 457, ya bolti ya mkono, ambayo mtutu wake pia hubadilishwa kwa funguo za alen, na fedha inayobaki iingie kwenye risasi za toleo moja la kiwandani, boksi kwa boksi, mpaka kabati lijae.