Ocean Road na Sewahaji

Ukienda Muhimbili kumwona mgonjwa, ukiuliza yuko wapi utajibiwa "yuko Sewahaji" au "panda Mwaisela". Wengi hudhani Sewahaji ni jina la wodi tu. Sisi tunaofuatilia majengo ya kale ya Dar es Salaam tunajua kwamba jina hilo lilihamia pale likitokea hospitali nyingine.

Sewa Haji Paroo alikuwa tajiri wa Kiismailia mwenye asili ya India, mzaliwa wa Zanzibar. Mali yake aliichuma Bagamoyo, akiwapatia wasafiri wa Kizungu wapagazi na bidhaa za misafara. Fedha alizotoa ndizo zilizowajengea Waafrika na Wahindi wa Dar es Salaam hospitali. Yeye alifariki mwaka 1897.

Mwaka huohuo Wajerumani walikamilisha hospitali ya Wazungu ufukweni, hii tunayoiita Ocean Road. Hiyo ndiyo iliyopata picha na sifa. Na kweli inapendeza. Isimamie upande wa baharini uone minara yake miwili, matao, na baraza pana zinazofungukia bahari. Baraza hizo si pambo. Wakati inachorwa, madaktari wengi waliamini homa ya malaria inaletwa na hewa chafu ya mabwawa, kwa hiyo dawa ilikuwa kumweka mgonjwa kwenye upepo. Agosti 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross, akiwa India, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Nadharia ya hewa ikaanza kubomoka jengo likiwa bichi! Lakini mbu hawezi kushindana na upepo wa bahari, kwa hiyo wachoraji walipatia ingawa sababu yao haikuwa sahihi. Mtafiti wa Kijerumani Robert Koch naye alikuja Dar es Salaam wakati huo kuichunguza malaria.

Waingereza walipochukua nchi, ubaguzi wa vitanda uliendelea. Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret, nayo ndiyo iliyorithi kazi ya hospitali ya Sewa Haji. Baada ya uhuru ikawa Muhimbili.

Ocean Road sasa ni taasisi ya saratani, na wagonjwa wanatoka mikoa yote kufuata matibabu ya mionzi. Jengo la Mjerumani bado limesimama. La Sewa Haji limebaki jina, na mimi naona tajiri yule alistahili angalau kibao cha maelezo mlangoni pa wodi.