Faili la kompyuta halikufuati kila hospitali

Wagonjwa wengi hapa Moshi wanaamini kwamba daktari akishaandika taarifa zao kwenye kompyuta, hospitali yoyote itaziona. Sivyo. Kuhifadhi taarifa ni jambo moja, kuzifikisha kituo kingine ni jambo jingine kabisa. Vituo vingi vya serikali hutumia mfumo wa kompyuta uitwao GoTHOMIS. Vya binafsi na vya dini mara nyingi vina mifumo yao. Ili taarifa zisafiri, lazima mifumo iunganishwe, tena itambue kuwa mgonjwa ni yule yule. Hapo ndipo penye kazi: namba yako ya faili kituo cha afya Pasua siyo utakayopewa hospitali ya rufaa ya KCMC, na akina Mushi wenye majina yanayofanana ni wengi mno. Wakichanganywa, mtu anaweza kuandikiwa dawa inayomdhuru.

Kwa hiyo ukipewa rufaa, beba barua, majibu ya vipimo na dawa zenyewe pamoja na maboksi yake. Mwenye presha au kisukari asiishie kusema "natumia vile vidonge vyeupe". Daktari anahitaji jina na miligramu. Kama kuna dawa inayokuletea mzio, itaje hata usipoulizwa.