Mazoezi ya Mtu Asiye na Nafasi

Natoka Mukono, nje ya Kampala, saa kumi na moja alfajiri; duka langu la Kikuubo, mtaa wa biashara katikati ya Kampala, nafunga saa moja usiku. Mazoezi nitayaweka wapi?

Humohumo safarini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za yale ya kuhemesha. Zamani kila kipindi kilitakiwa kisipungue dakika 10; mwaka 2020 sharti hilo likaondolewa. Dakika 3 za kupanda ngazi na mzigo nazo zinahesabiwa.

Basi jamu ya barabara ya Jinja ikikaza, shukia kwenye jengo la Kitgum House, umalizie kwa miguu. Tembea kama anayemwahi mteja: kuongea uweze, kuimba kukushinde.

Mbona nasimama dukani kutwa? Si inatosha?

Haitoshi. Miguu inauma, ndiyo, lakini moyo haujaenda mbio. (Anayeuliza hili huwa ameshajipa jibu.)

Na nguvu za misuli?

Siku mbili kwa wiki, wala huhitaji jimu. Jaza maji jerikeni mbili za lita 5. Kila moja ni kama kilo 5. Kabla ya kuoga, zishike, tanua miguu upana wa mabega, shuka taratibu kama unayekalia kigoda, visigino visinyanyuke, kisha inuka. Mara 10 au 12, pumzika, rudia. Mpini ukikukata vidole, uzungushie kitambaa.

Pushapu nazo: sakafu ikikushinda, anzia ukutani. Aprili 2020, watu walipokatazwa kukimbia barabarani kwa ajili ya korona, Rais Museveni wa Uganda alipiga 30 ofisini kwake, pekupeku, mbele ya kamera, akiwa na miaka 75. Alichohitaji ni zulia tu.

Wiki ikinibana hadi Jumapili?

Fanya Jumapili. Dakika za siku moja zina faida vilevile, ila pasha mwili moto kwanza; misuli iliyolala siku sita huteguka upesi.

Nina presha. Niache?

Usiache, kutembea kunasaidia kuishusha. Lakini kabla ya mazoezi ya kuhemesha, pita kituo cha afya upimwe, na dawa usizikatize eti kwa kuwa sasa unatembea. Kifua kikibana au kizunguzungu kikikushika, simama hapohapo, uite mtu akupeleke hospitali. Usijiendee peke yako kwa boda.