Kisima cha maweni: alama zinazotuambia maji yametoka wapi

Anayechimba kisima kwenye ardhi ya maweni, yaani ya jiwe la chokaa, iwe Makunduchi, Kilwa au pwani ya Kwale, mara nyingi hupewa nasaha ileile apewayo mtu wa kwenye mchanga: kaa mita 30 mbali na choo. Kwenye mchanga nasaha hiyo ina mantiki, kwa kuwa maji hupenya taratibu kati ya chembe, na mchanga huyachuja kama kifumbu kinavyochuja tui. Kwenye jiwe la chokaa, mita 30 si kinga ya kutegemea. Watu huugua kwa kutolijua hilo.

Mvua hunyonya kaboni dayoksaidi, hasa inapopita kwenye udongo wenye mizizi, ikawa asidi hafifu. Asidi hiyo hula jiwe. Ufa hupanuka ukawa mfereji, na mfereji ukawa pango. Chokaa iliyoyeyushwa huko ndiyo ile inayoganda nyeupe ndani ya birika. Ardhi ya namna hii wanajiolojia huiita karsti. Ndani yake maji mengine hukaa miaka mingi kwenye vitundu vidogo vya jiwe, na mengine hukimbia kama mto. Ukisimama juu huoni tofauti yoyote. Kwa hiyo ama tuyatie maji alama, ama tuzisome alama ambazo tayari yanazo.

Jaribio maarufu la kutia alama lilifanywa Ujerumani mwaka 1877. Karibu na Immendingen, mto Danube humezwa na mashimo ya chokaa, na wakati wa kiangazi hukauka kabisa sehemu hiyo. Mwanajiolojia Adolf Knop alimimina humo kilo 10 za fluoresini, rangi ya kijani inayong'aa, pamoja na tani 20 za chumvi na mafuta yenye harufu kali. Baada ya saa 60 hivi chemchemi ya Aach, umbali wa kilomita kama 12, ilitoa maji ya kijani, yenye chumvi na ladha ya mafuta yale. Hiyo ni karibu kilomita 5 kwa siku. Tena maji ya Aach huishia mto Rhine na Bahari ya Kaskazini, ilhali Danube huenda Bahari Nyeusi.

Leo hatuhitaji kugeuza chemchemi nzima kijani. Vipimo hutambua fluoresini hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa bilioni. Tunatundika ndani ya chemchemi vifuko vya mkaa maalumu unaonasa rangi, kisha tunavikusanya kwa zamu. Lazima tupime kabla ya kumimina chochote, kwa sababu maji ya rejeta ya magari mengi yana rangi hiyohiyo, na sabuni za unga nyingi zina viangazi vinavyong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Tukiviona viangazi hivyo kisimani, tunajua maji ya kufulia yameshafika huko.

Alama za asili hufika mbali zaidi. Katika kila atomu 1,000 za oksijeni, kama 2 hivi zina uzito wa 18 badala ya 16. Maji yenye atomu nyepesi huvukiza upesi, na yale mazito hutangulia kudondoka mawingu yanapopoa. Ndiyo maana mvua kubwa ya masika mara nyingi huwa na alama tofauti na manyunyu, na maji yaliyokaa bwawani yakipigwa jua yana alama yake pia. Mwanajiokemia Mmarekani Harmon Craig alionyesha mwaka 1961 kuwa oksijeni hii na hidrojeni nzito hupanda na kushuka pamoja katika mvua duniani kote. Tangu miaka ya 1960 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Hali ya Hewa Duniani hukusanya vipimo hivyo, vikiwemo vya Entebbe na Dar es Salaam. Chemchemi ikionyesha alama ya mvua ya jana usiku, mfereji uko wazi. Ikibaki na wastani uleule mwaka mzima, maji yake yamechanganyika ardhini kwa muda mrefu.

Umri wa maji unahitaji hadhari. Tritiamu, hidrojeni yenye mionzi ambayo nusu yake hutoweka kila miaka 12.3, iliongezeka sana hewani kwa majaribio ya mabomu na kufikia kilele 1963. Maji yasiyo nayo kabisa yalinyesha kabla ya miaka ya 1950. Kaboni-14, kaboni yenye mionzi inayopungua polepole zaidi, hupima umri mkubwa zaidi, lakini jiwe la chokaa lenyewe halina kaboni-14, na likiyeyuka huyafanya maji yaonekane ya kale kuliko yalivyo. Bila kusahihisha, tunaweza kumwambia mwanakijiji kuwa maji yake ni ya maelfu ya miaka na ni salama, kumbe sehemu yake ilinyesha wiki iliyopita.

Pwani swali kubwa ni chumvi. Kisima kikianza kukolea, lawama hupewa bahari. Lakini katika maji ya bahari kloridi ni kama mara 290 ya bromidi kwa uzito, na chumvi ya mezani ina bromidi kidogo mno. Uwiano ukipanda sana juu ya 290, huenda chumvi hiyo imepitia jikoni na chooni, si baharini: shuku karo (shimo la majitaka) kwanza. Kisha pima nitrojeni-15, yaani nitrojeni nzito, kwenye naitreti (kemikali ya nitrojeni inayoyeyuka majini), kwani ya kinyesi kwa kawaida ni nzito kuliko ya mbolea ya dukani. Naitreti ya udongo huweza kufanana nazo, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi kutoa hukumu.

Mwezi Mei 2000 huko Walkerton, Kanada, mvua kubwa ilisomba samadi hadi kwenye kisima cha mji kilichochimbwa kwenye mwamba wenye nyufa, na klorini haikutosha. Watu 7 walifariki na zaidi ya 2,000 waliugua. Majaribio ya rangi yaliyofanywa baadaye yalionyesha kuwa maji ardhini hukimbia kwa kasi kubwa mno kuliko kompyuta ilivyokadiria.

Kwa hiyo kamati za maji za maweni zisiridhike na sampuli moja ya kiangazi, maana uchafu hupita saa chache baada ya mvua. Chukueni sampuli wakati wa masika, mvua ikiwa bado inanyesha na tena kesho yake. Jazeni chupa ya isotopu (ya kupimia zile atomu nzito na nyepesi) hadi mdomoni, pasibaki hata povu, kwa kuwa hewa ikibaki maji huvukiza na alama hubadilika. Andikeni saa mvua ilipoanza na saa maji yalipobadilika rangi. Saa hizo mbili zitamwonyesha mtaalamu wa maabara jinsi mfereji ulivyo wazi, hata kabla hajafungua chupa.