Helikesi ya RNA: kushika ni rahisi, kuachia ndiko kunakogharimu

Uzi wa RNA, molekuli inayobeba ujumbe wa jeni, hautulii ukiwa umenyooka. Ndani ya seli besi zake, yaani vijenzi vyake vinne vya kemikali, hutafutana: A hushikana na U, G hushikana na C, na punde uzi wote umejikunja na kupiga mafundo. Ribosomu, mtambo unaosoma RNA ili kuunda protini, hukwama penye fundo. Protini za kufungua mafundo hayo ndizo helikesi za RNA.

Tuitazame moja, eIF4A. Ni protini ndogo, kwa binadamu ina asidi amino 406 tu. Ina vipande viwili vinavyofanana sana kwa umbo, vilivyounganishwa kwa kiungo kilegevu kama makombe mawili ya chaza. Isipokuwa kazini, makombe huwa wazi. ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ikiingia pamoja na RNA, hufumba, na uzi uliobanwa hulazimika kupinda. Uzi uliopinda hauwezi tena kukaa sawa na mwenzake, basi jozi za besi zilizo karibu zinaachana. eIF4A haitembei juu ya RNA. Inashika mahali pamoja, inapinda, inaachia.

Hapa ndipo wengi hukosea, hata wanafunzi wazuri: hudhani ATP huvunjwa ili nguvu yake ipasue jozi. Kwa helikesi za jamii hii, majaribio yameonyesha kwamba ATP ikishaingia tu, jozi hufunguka. Kuivunja kunahitajika baadaye, ili makombe yafunguke na protini iende kushika kwingine.

Jambo hilo si dogo. Mimea ya jenasi Aglaia ina kemikali iitwayo rokaglamidi, ambayo huigandisha eIF4A juu ya RNA, hasa penye mfululizo wa A na G. Helikesi imeshika na haiachii, ribosomu inazuiwa njia, protini haitengenezwi. Seli nyingi za saratani hutegemea sana eIF4A, ndiyo maana watafiti wa dawa wanaifuatilia kemikali hii kwa makini.

Jamii ya eIF4A huitwa DEAD, jina lililotolewa mwaka 1989. Halihusiani na kifo: ni herufi za asidi amino nne, D, E, A na D, zilizopangana palepale inaposhikwa ATP. Ndugu zake wengine wako kwenye ukataji na uungaji wa RNA, na kwenye ujenzi wa ribosomu zenyewe. Jeni ya mmojawapo, DDX3X, iko kwenye kromosomu X, na ikiharibika inaweza kuchelewesha ukuaji wa akili, hasa kwa wasichana.

Yupo pia jamaa wa mbali, RIG-I, ambaye mshiko wake umegeuka kuwa ulinzi. RNA nyingi za virusi huwa na fosfati tatu zilizo wazi kwenye ncha, ilhali RNA ya seli yetu inayobeba ujumbe imefunikwa kofia hapo. RIG-I ikiigusa ncha hiyo tupu, inabadili umbo na kupiga mbiu. Seli hutoa interferoni, protini za kutahadharisha, na seli jirani huanza kujiandaa kabla virusi havijazifikia.