Picha ya mahema ya Hyde Park: kabla hujasema ni mchoro wa mkono

Dhana: "Ni wino wa brashi, kwa hiyo ni nakala pekee."

Hii ndiyo inayochosha. Ni kweli Paul Sandby, mchoraji wa Kiingereza, alichora kwa rangi za maji kambi za jeshi zilizopigwa Hyde Park, bustani kubwa ya London, mwaka 1780, na baadhi ya michoro hiyo imo katika mkusanyo wa kifalme wa Uingereza. Lakini mandhari za kambi hizo alizitoa pia kwa chapa ya akwatinti, yaani picha inayopigwa karatasini kwa bamba la shaba lililoliwa na tindikali, na akwatinti huiga wino wa brashi. Jicho tupu hudanganyika kirahisi.

Sandby aliyeyusha utomvu mkavu katika spiriti, akaumwaga juu ya bamba la shaba. Spiriti ikikauka, utomvu hupasuka vipande vidogo mno. Panapotakiwa kubaki peupe hupakwa vanishi, kisha bamba hutiwa tindikali, nayo hula shaba kwenye nyufa tu, ambazo ndizo hushika wino. Bamba hutolewa, vivuli vyepesi vikazibwa kwa vanishi, likarudishwa. Panapoliwa muda mrefu zaidi ndipo hutoka peusi zaidi.

Kwa hiyo shika lenzi ya kukuza mara 10, uangalie anga na vivuli vya mahema. Ukiona wavu laini wa wino unaozunguka visiwa vyeupe, ni chapa, tusibishane tena. Brashi haifumi wavu: huacha wino uliotuama, mzito ukingoni ulikokaukia. Kisha mulika tochi kutoka ubavuni utafute bonde la mstatili lililoachwa na bamba kwenye mashine ya kuchapia. Lisipoonekana, usishangilie. Wengi hukata kingo ili picha ienee kwenye fremu, na hapo hupoteza alama ya bamba pamoja na maandishi ya chini yenye jina na tarehe. Tafadhali, badilisheni fremu, mkasi uacheni!

Rangi nayo isikubabaishe. Chapa nyingi za zama hizo zilipakwa rangi kwa mkono. Tafuta wavu chini ya rangi.

Dhana: "Ukahawia ni kuchujuka." Chapa hizi zilipigwa kwa wino wa kahawia tangu mwanzo. Kinachochujuka ni rangi za maji, hasa buluu ya nili, ndiyo maana anga zingine zimebaki na wekundu hafifu. Usizidishe mwanga wa luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na jua lisiifikie kabisa.

Dhana: "Sandby ndiye aliyevumbua akwatinti." Jean-Baptiste Le Prince wa Ufaransa alimtangulia katika miaka ya 1760. Sandby aliendeleza njia ya spiriti, na mwaka 1775 akatoa mandhari 12 za Wales.

Dhana: "Kambi ilisubiri uvamizi wa Wafaransa." Hiyo ni kambi nyingine, ya Coxheath, huko Kent, mwaka 1778. Wanajeshi wa Hyde Park waliletwa Juni 1780 kuzima ghasia za Gordon, zilizoanza kwa kupinga Wakatoliki kupunguziwa vikwazo na kufikia kuchoma gereza la Newgate. Walikuwa wakiwalinda Walondon dhidi ya Walondon.

Dhana: "Kila kitu kilikuwa vile vile kinavyoonekana pichani." Sandby alikuwa mchoraji katika upimaji wa ramani za kijeshi Uskoti, 1747 hadi 1752, hivyo miinuko na safu za mahema naziamini. Watu ni habari nyingine: alizoea kuwachora mmojammoja, kisha kuwapanga mbele ya mandhari apendavyo. Usihesabu wanajeshi kwenye picha ukadhani umepata idadi ya kikosi.